Skrini ya mguso haihisi chochote

Jamani, leo nataka kugombana na waandishi wenzangu wa programu. Naanza na mimi mwenyewe, maana nimo.

Juzi nilimpa rafiki yangu asiyeona programu niliyokuwa najivunia sana. Mulika mwizi yake anaitumia bila shida: kidole kinatafuta kile kinundu kwenye tano, vitufe vingine vinafuata. Kwenye kioo changu alipapasa, akafungua nisichomwambia, akanirudishia. "Hapa hamna kitu," akasema. Nikamjibu ati atazoea. Naona haya hadi leo.

Tunaiita skrini ya mguso, lakini kioo hicho hupima chaji ya umeme tu kidole kikikikaribia. Kiguse kwa ncha ya ukucha uone kama kitajibu. Ngozi hupima nguvu yenyewe. Kwenye ncha za neva mna protini iitwayo Piezo2: vipande vitatu vinavyofanana, vimeungana kama mapanga ya feni na kuukunja utando wa seli ukawa kama bakuli. Ngozi ikibonyezwa, utando unavutika, bakuli linalala, tundu la katikati linafunguka. Ioni za sodiamu na kalisi zinaingia, na neva inatuma habari kuelekea kwenye ubongo.

Bertrand Coste na Ardem Patapoutian walitangaza ugunduzi huu huko California mwaka 2010. Walichukua seli zinazotoa umeme zikichokolewa, wakazima jeni moja baada ya nyingine hadi ya 72, ndipo seli zikanyamaza. Hiyo ilikuwa Piezo1. Piezo2 ni nduguye. Nani kati yetu hajatafuta mdudu kwenye programu kwa njia hiyo? Mwaka 2021 Patapoutian alishinda Nobel pamoja na David Julius.

Najua mtasema macho yanatosha. Hayatoshi. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wawili waliozaliwa na PIEZO2 isiyofanya kazi. Walitembea kwa kutegemea macho. Wakifungwa kitambaa, waliyumba na kushindwa kujua viungo vyao viko wapi.

Basi tuache kumwambia mtu "utazoea". Yangu naiandika upya: kila kitufe kina jina linalosomwa kwa sauti, vyote vinakaa palepale, na simu inatikisika kidole kikikipata. Anayedhani napoteza wakati, afumbe macho, kisha atume pesa kwa programu aliyoiandika mwenyewe.