Mlango wa Uwindaji Ubaki Umefungwa

Hoja imerudi, na hapa Chepsaita, Uasin Gishu, nimeisikia watu wakinywa chai: turuhusu uwindaji wa leseni, tena tuanze na upinde wa kufyatua, ule wenye kitako na kifyatulio kama bunduki. Eti hauna kelele. Eti unaua bila kutesa. Eti wageni watamwaga dola. Mimi nakataa, kwa sababu najua leseni ya kuwinda huandikwa kwa jina la nani.

Uwanda huu wa Uasin Gishu ulijaa twiga, tembo na kongoni. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipita hapa na bunduki zake. Katika safari yake nzima ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na dunia ikampigia makofi. Miaka ya 1950 Wawaata wa Tsavo, waliowinda tembo kwa pinde na mishale ya sumu tangu enzi za mababu, walisakwa porini wakatiwa jela. Mzungu mwenye leseni aliua tembo yuleyule, akapiga naye picha. Mmoja aliitwa mwindaji, mwingine jangili. Tofauti ilikuwa karatasi.

Ndiyo maana naitetea marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 hapa Kenya kwa nguvu zangu zote. Ilimfungia tajiri mlango ambao maskini alikuwa amefungiwa siku nyingi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa kuilegeza marufuku hiyo, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikashikilia hapohapo: kuwinda kwa starehe ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa. Tukiufungua mlango huo leo, kesho mgeni atatembea na kibali mfukoni, na kijana wetu aliyenasa paa kwa njaa atapandishwa karandinga.

Na hiyo huruma ya mshale mimi nimeiona. Msimu mmoja wa mavuno nilimkuta paa katikati ya mahindi yangu, mshale umezama kwenye nyonga, nzi wamemjaa, ubavu bado unapanda na kushuka. Mabua yaliyolala yalionyesha alikojiburuta kutoka mtoni. Mshale usio na sumu, uwe wa babu au wa kiwandani, huua kwa kumwaga damu. Ukikosa moyo na mapafu, mnyama hukimbia nao akafe polepole mahali ambapo hakuna anayemwona. Huo ukimya wanaousifu ndio unaonitisha: bunduki ikilia, askari wa wanyamapori husikia, upinde haumwiti mtu. Na sisi wa Uasin Gishu, tulioona mishale ikielekezwa kwa majirani katika ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka 2008, hatuwezi kuomba mishale mikali zaidi iuzwe madukani.

Wengine wanasema ni mila. Mila gani? Roosevelt mwenyewe alisimama karibu na kilima cha Sergoit akawatazama Wanandi wakimzunguka simba kwa miguu, mkuki na ngao mkononi, uso kwa uso. Simba alipewa nafasi ya kujibu, na alijibu. Kujificha kichakani na kuvuta kifyatulio si urithi wa mtu yeyote hapa. Msilitumie jina la wazee wetu kuuzia bidhaa.

Kuhusu pesa, twendeni Soy, hapa jirani. Miaka ya 1970 twiga wa Rothschild walihamishwa kutoka huko kwa sababu mashamba yaliwabana. Baadhi walipelekwa Langata, Nairobi, na hadi leo watu hupanga foleni na kulipa ili wawalishe twiga wa hapo kwa mkono. Twiga aliye hai hulipiwa kila siku. Aliyeuawa hulipiwa mara moja. Hata Chepsaita, wageni huja kutazama mbio za nyika, wakalala, wakala, wakalipa, na hakuna damu iliyomwagika.

Kwa hiyo atakayekuja kukusanya maoni yetu kuhusu upinde, asituulize tutawinda kwa silaha gani. Sisi tumuulize yeye: mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama atalipwa fidia yake lini, na twiga wa Soy watarudi lini?