Difu Ikilia, Isikilize Kabla ya Kuifungua

Msomaji, shika barabara ya Namanga Jumapili asubuhi. Ukishaupita msongamano wa Kitengela, njia hunyooka, na kufikia Kisaju umebaki na nyika, upepo na malori ya kwenda mpakani. Hapo ndipo mahali pa kulisikiliza gari. Nairobi utasikia nini ila honi za matatu?

Juzi nilikuwa huko na kijana mmoja mwenye Datsun 240Z, gari la michezo ambalo marehemu baba yake aliliacha chini ya turubai. Wazee wanalikumbuka. Ndilo alilolishindia Edgar Herrmann mbio za Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Fundi alikuwa amemwambia kijana kwamba difu imekufa, inataka krauni na pinioni mpya. Sasa, vipuri vya gari lililokoma kuundwa mwaka 1973 haviokotwi Kirinyaga Road kama plagi. Mama mtu alikuwa amekwisha kata shauri liuzwe.

Nikamwambia, "Washa, mwanangu, twende."

Nawe mwenye gari la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, liwe Escort au Peugeot 504, fanya vivyo hivyo. Nenda kilomita 80 kwa saa mahali penye lami nzuri, pasipo na magari. Kanyaga mafuta, kisha achilia polepole. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaokuja ukikanyaga na kukata ukiachilia, au kinyume chake, ndio wa meno ya krauni na pinioni. Mngurumo mzito usiojali mguu wako, ukipanda na kushuka na mwendo tu, unanuka beringi. Ya pinioni hulia kwa haraka zaidi kuliko ya gurudumu, kwa sababu pinioni huzunguka mara tatu au nne gurudumu likizunguka mara moja.

Yumbisha usukani taratibu, kushoto na kulia. Sauti ikibadilika uzito ukiegemea upande mmoja, kisa ni beringi ya gurudumu, wala difu haina hatia. Ikibadilika ukitoka kwenye lami kuingia kwenye murram, kagua matairi. Ikisikika kwenye kona tu, vigia vidogo vilivyo ndani ya difu ndivyo vya kushukiwa.

Gari la kijana lilikuwa na kelele mbili, na hilo ndilo lililomchanganya fundi. Ya kwanza ilikuwa "ko!" kila alipoachia klachi au kubadilisha gia. Ya pili ilikuwa mlio hafifu alipokanyaga mafuta.

Tulilipandisha kwa jeki, tukaweka stendi imara chini ya bodi na kuzuia magurudumu ya mbele kwa mawe. (Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.) Injini ikiwa imezimwa, nikaishika propela na kuipindua huku na huku. 240Z ina krosi sita nyuma ya giaboksi, mbili kwenye propela na mbili kwenye kila shafti ya pembeni. Zote zilikuwa ngumu. Kisha nikaingiza mtarimbo chini ya pua ya difu na kuinua. Ikapanda kama kifuniko cha sufuria! Raba inayoishikilia pale mbele ilikuwa imepasuka vipande viwili. Kila gari lilipovuta, difu iliruka na kugonga juu. Raba tu, msomaji.

Ukaja mlio wa pili. Fungua kwanza nati ya kujazia oili, halafu ya kumwagia. Ukianza na ya chini na ile ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na difu kavu na gari lisilokwenda popote. Oili ilitoka chini ya nusu lita, ilhali difu hii huchukua kama lita moja. Oili sili ya pinioni ilikuwa inavuja. Niliisugua oili kiganjani: weusi laini, bila chembe wala magamba ya chuma. Lau ningeona magamba, gari lingevutwa hadi nyumbani, kwa kuwa beringi ya pinioni ikishika ukiwa mwendoni, magurudumu ya nyuma hufunga.

Basi tukabadilisha raba na sili, tukatia gia oili namba 90 ya daraja la GL-5. Krauni na pinioni hatukuzigusa. Hizo husagwa pamoja kiwandani kama mke na mume, na fundi asiye na geji ya kupima nafasi kati ya meno yake huzirudisha zikilia kuliko mwanzo.

Tulirudi barabarani. Ile "ko!" haipo. Mlio umebaki kidogo, kati ya kilomita 70 na 80. Kijana aliniuliza kama tuufuate. Nimemwambia auache, ila aikague oili kila mwezi. Mama ameketi kiti cha mbele hadi Isinya na kurudi, na habari ya kuuza sijaisikia tena.