Saa Zenye Siri

Wasomaji wetu, tumesikia vijana wakisifu saa za anasa za Ulysse Nardin wa Uswisi: idadi yake huwekwa chache makusudi, na juu yake vinasesere huigiza mambo ya faraghani. Si jambo geni. Mafundi wa Geneva wa karne ya 19 walizitengeneza za mfukoni, lakini picha waliisitiri chini ya kifuniko. Walioziagiza walikuwa na haya.

Hapa Stockholm kifuniko kilianza kuinuliwa zamani. Filamu ya Vilgot Sjöman ya mwaka 1967 ilizuiwa na forodha ya Marekani mwaka uliofuata, nayo Uswidi ikaacha kukagua filamu za watu wazima mwaka 2011.

Kijana akituuliza saa ipi anunue, twamwambia: itakayomjulisha Magharibi, ambayo Juni huingia hapa baada ya saa nne usiku.