JUMUIYA NI JIRANI, SI DAFTARI

Kila juma, katika mitaa ya mji wetu, jirani zetu Wakatoliki hukutana nyumba kwa nyumba kusali, kusoma Injili na kushauriana. Huo ndio mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Jumuiya hukusanya kaya chache zinazokaa karibu, huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake, na hujulikana kwa jina la mtakatifu wake. Tumeuzoea mkutano huo kiasi kwamba hatujiulizi tena maana yake. Leo hatuna budi kuuzungumzia, maana yanayoamuliwa humo humgusa kila mkazi wa mtaa, awe Mkatoliki au asiwe.

Jumuiya hizi hazikuzuka hivi hivi. Mtaguso Mkuu wa Vatikano, uliofanyika kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, ulitoa hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo. Hati hiyo iliona kwamba kuitenga imani na shughuli za kila siku ni moja ya makosa mazito ya zama zetu. Baadaye maaskofu wa Mashariki mwa Afrika walikutana Nairobi mwaka 1973, wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika vikundi vidogo vya watu wanaofahamiana. Na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa la kwanza katika mipango yao. Shabaha ilikuwa wazi. Parokia ni kubwa na padre ni mmoja. Hawezi kujua ni nani amelala bila kula. Jirani anajua.

Msomaji anaweza kuuliza, mwandishi huyu ana haki gani ya kuyasema mambo haya? Ni kweli, mimi nilianzia chuoni, nikahitimu juzuu kabla sijaujua ubao wa shule. Lakini shule ya serikali niliyosoma baadaye ilijengwa na mapadre. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyozifanya shule nyingi za misheni kuwa mali ya umma, ili mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo wakae dawati moja. Aliyeiongoza nchi wakati huo, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria Misa karibu kila siku. Alilichukulia Kanisa lake mwenyewe shule zake, kwa kuwa aliamini kwamba haki ya mtoto wa jirani ni sehemu ya imani yake. Mwaka 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na hali zinazomfanya binadamu kuwa fukara halitakuwa na maana kwa watu. Mwaka 2005 Kanisa lilianza rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Nami ni mmoja wa walionufaika na imani ya namna hiyo. Sioni aibu kuitetea.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja fundi viatu, Mkatoliki, ambaye kibanda chake kilikuwa chini ya mwembe karibu na soko. Kwa miaka mingi hakukosa jumuiya. Kisha miguu ikamvimba, akashindwa kutembea, na kibanda kikafungwa. Alikaa ndani mwaka mzima na zaidi. Mchango hakuweza kutoa, na mkutanoni hakuweza kufika. Alipofariki, watoto wake walikwenda kuomba mazishi ya Kanisa, wakaulizwa kadi. Kadi ilipoletwa, ilikuwa tupu tangu siku alipougua. Viongozi wa jumuiya wakakaa pembeni ya ua kujadili kama marehemu alikuwa mwanachama hai au la, huku maiti imo ndani na sisi majirani, Waislamu kwa Wakristo, tumekwisha kurudi na majembe kutoka makaburini.

Aliyelimaliza shauri hilo ni mama mmoja muuza vitumbua. Hakuwa na cheo chochote katika jumuiya ile. Mtaa mzima ulijua kwamba ndiye aliyekuwa akimpelekea mzee bakuli la uji kila asubuhi kabla ya kuinjika chuma chake cha vitumbua. Alisimama akasema: “Deni lake liandikeni kwangu. Sasa tumzike mwenzetu.” Wakubwa wale wakainama. Katekista akaitwa, na mzee akazikwa kwa sala za dini yake.

Sielezi haya ili kuwaumbua watu. Viongozi wale si watu wabaya, na hoja yao ina uzito. Wapo waumini wanaolikumbuka Kanisa siku tatu tu, yaani siku ya kubatizwa, siku ya kuoa na siku ya kufa, wakitegemea kwamba wengine watabeba mzigo wa katikati. Kanisa linalotaka kujitegemea haliwezi kuendeshwa bila zaka, wala paa la kigango halijengwi kwa nyimbo. Utaratibu ni lazima uwepo. Lakini utaratibu unaoshindwa kumtofautisha mkaidi na mgonjwa umepoteza shabaha yake. Mtu akikosekana mara tatu mfululizo, hatua ya kwanza ya jumuiya yafaa iwe kubisha hodi kwake. Alama ya mkosi daftarini inaweza kusubiri.

Sisi wa Chama tunaujua ugonjwa huu, maana umetuuma. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi kwa shabaha inayofanana sana na ile ya jumuiya. Balozi alikuwa mtu wa kwanza kugongewa mlango usiku. Alisuluhisha mume na mke, alijua mgeni aliyeingia mtaani, alijua nani hana chakula. Lakini pale balozi alipogeuka kuwa mtoza ada na mgawaji wa fomu, watu walianza kumkwepa. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejea, tuligundua katika mitaa mingi kwamba tulikuwa na kadi nyingi kuliko wanachama. Nami nimewahi kubeba daftari la shina na kupita nyumbani kwa mgonjwa nikiulizia ada. Sikuuliza hali. Kwa hiyo ninapowaonya ndugu zangu Wakatoliki, ninawaonya kwa kosa nililolitenda mwenyewe. Hata misikitini kwetu wapo wanaohesabu safu za mbele na kumsahau aliyeacha kuja.

Jambo la pili ni la kazini. Jumuiya hizi zimefundishwa njia nzuri ya kusoma Injili: kuitazama hali ya maisha, kuipima kwa Neno, kisha kutenda. Je, hutazamwa hali ipi? Yumo humo mfanyabiashara anayesoma somo kwa sauti nzuri, na kesho yake yuko kijijini akinunua mahindi kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba na mkulima analipwa bei ya gunia la kawaida. Yumo karani anayeongoza rozari mwezi Oktoba, na ofisini jalada la mjane halionekani mpaka itoke chai. Mkulima yule na mjane yule huenda wanasali jumuiya ya mtaa wa pili. Ikiwa mkutano wa majirani wanaojuana kwa majina hauwezi kumwambia mwenzao kwa upole kwamba mzani wake si wa haki, basi hakuna mahubiri ya Jumapili yatakayoweza.

Tunachoomba hakihitaji fedha wala kibali cha askofu. Kila mkutano uanze kwa kuuliza nani ameumwa juma hili, mtoto wa nani hakwenda shule, na nani amedhulumiwa na mmoja wetu. Daftari la michango lifunguliwe baada ya hapo. Na aliyekosa kwa ugonjwa au ufukara aandikwe kuwa amehudhuria, kwa sababu kama jumuiya ilikwenda kwake, kwa hakika amehudhuria.

Mitaa yetu ni ya watu wa dini zote. Mkatoliki anapoiishi imani yake vizuri, jirani yake Mwislamu hulala salama zaidi na mkulima wa kijijini hupata bei ya haki. Ndiyo maana jambo hili ni letu sote. Mama muuza vitumbua amekwisha kuonyesha njia. Viongozi wa jumuiya, na sisi wa mashina pamoja nao, hatuna udhuru wa kutoifuata.