Binti Anataka Kuwa Muuguzi

Baba mmoja wa hapa Annexe alinijia na fedha alizozipata kwa kuuza makaa. «Mwalimu, binti yangu asomee uuguzi wapi?» Nikamwuliza: je, amekwisha kupata Diploma ya Serikali? Asiye nayo huanzia I.T.M., shule ya sekondari itoayo diploma ya A2. Aliye nayo aweza kuomba nafasi I.S.T.M. Lubumbashi, chuo cha juu.

Tena, kabla ya kutoa hata faranga moja, ombeni kuonyeshwa hati ya Serikali iikubaliyo shule ile. Ulizeni pia wanafunzi hufanya mazoezi hospitali gani, maana kupiga sindano hakufundishwi ubaoni tu. Msipouliza, makaa yatakwisha, na mtoto atarudi na karatasi isiyo na kazi.