Kabla ya Kumwagiza Mchoraji Picha

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, picha ya mzazi aliyefariki zamani ni moja tu, nayo ni ile ndogo ya pasipoti iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Simu za siku hizi zimejaa picha, lakini wazee hao hawakuzikuta. Wajukuu humjua bibi yao kwa kipande hicho cha karatasi kilichokwisha kuanza kufifia. Ndiyo maana baadhi ya familia huchanga fedha na kwenda kwa mchoraji, ili bibi achorwe picha kubwa ya kutundikwa sebuleni.

Nia hiyo ni njema. Lakini wengi huiendea kazi hiyo kama mtu anayekwenda dukani kununua sukari: hutoa kijipicha, hutoa fedha, kisha huondoka. Baada ya mwezi huletewa sura ya mama mwingine. Hapo fedha ya familia imepotea, jasho la mchoraji limepotea, na pengine ndugu wamenuniana, kwa kuwa mmoja asema picha inafanana na mwingine asema haifanani. Picha ya kuagiza ni mapatano baina ya watu wawili, na kila mmoja anao wajibu wake. Leo tuutazame wajibu wa yule anayeagiza.

Kwanza, mchague mchoraji kwa kazi unayoitaka. Si kila fundi wa rangi hushona nguo moja. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932 na kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa kuchora wanyama, ndege na miti juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu zake na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo, nao ukabaki na jina lake. Ni mtindo wa kupendeza sana ukutani, hasa katika chumba cha watoto. Lakini haukukusudiwa kuonyesha kila kunyanzi la uso wa bibi yako. Ukitaka sura, mtafute mchoraji wa sura, na umwombe akuonyeshe picha mbili tatu alizochora, pamoja na zile picha ndogo alizozitazama alipokuwa akizichora. Hapo utapima mwenyewe kwa macho yako.

Pili, fahamu ugumu wa kazi unayompa. Uso wenye urefu wa sentimita 3, ukikuzwa hata kufikia sentimita 30, umekuzwa mara kumi. Doa lililokuwa dogo kama punje ya chumvi huwa kubwa, na kivuli chini ya jicho huonekana kama kovu. Ikiwa picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haisemi lolote juu ya rangi ya ngozi wala ya nguo. Pale ambapo picha imenyamaza, mchoraji hulazimika kubuni. Basi msaidie asibuni. Mpelekee picha nyingine yoyote iliyopo, hata ile ya arusini ambamo bibi amesimama nyuma ya watu. Mpeleke dada yake aliye hai, au binti anayesemekana amefanana naye. Mpelekee khanga yake. Mweleze kama alikuwa mtu wa kucheka au wa kunyamaza, na kama kilemba chake alikifunga juu ya masikio au nyuma yake.

Na kama kijipicha chenyewe kimeharibika kabisa, usikate tamaa. Marehemu Sam Ntiro, mchoraji wetu aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923, alijulikana kwa kuchora maisha ya kijijini: watu wakiwa kazini, migomba, njia na nyumba. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imehifadhiwa katika Museum of Modern Art ya New York. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba watu huweza kukumbukwa kwa shughuli zao, si kwa nyuso peke yake. Bibi aliyeuza vitumbua miaka thelathini anaweza kuchorwa ameketi mbele ya jiko lake, ametupa mgongo, na kila mjukuu akamtambua. Njia hiyo yafaa pia katika nyumba ambazo dini au mila haipendi sura ya mtu itundikwe ukutani. Waulizeni wazee wa familia mapema, kabla ya kutoa senti moja.

Tatu, omba mchoro wa penseli kabla rangi haijaguswa. Hapo ndipo mahali pa kusema. Waite wale waliomjua marehemu, wautazame pamoja, waseme pua ni nene mno au paji la uso ni fupi. Penseli hufutika kwa dakika moja. Rangi iliyokauka ni kazi ya siku kadhaa. Mchoro ukikubaliwa, mwachie fundi kazi yake. Kumsimamia mchoraji begani ukimwambia aongeze nyekundu hapa na kupunguza kivuli pale ni kumnyang'anya ujuzi ule ule uliomfuata. Na ukibadili mawazo baada ya hapo, ukataka babu naye aongezwe kando, jua kwamba hiyo ni kazi mpya nayo ina malipo yake.

Nne, andikeni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi moja yatosha: ukubwa wa picha, aina ya rangi na ubao au kitambaa, bei, kama fremu imo katika bei hiyo, na siku ya kukabidhiana. Msione ajabu mchoraji akiomba arubuni. Lazima anunue vifaa, naye ana watoto wanaokula kama wa kwenu. Mpango wa haki ni kulipa theluthi mnapokubaliana, theluthi mchoro wa penseli unapopita, na theluthi siku ya kupokea. Kila malipo yawe na stakabadhi. Andikeni pia kama familia itaruhusiwa kuichapisha picha hiyo kwenye kalenda au fulana za kumbukumbu, na kama mchoraji ataruhusiwa kuionyesha kwa watu wengine. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayolinda kazi za sanaa, na si vema kudhani kwamba kununua picha ni kununua kila haki iliyomo.

Muda nao una sababu zake. Rangi za akriliki, zinazochanganywa kwa maji, hukauka upesi. Rangi za mafuta huchukua siku kadhaa hata zisishike kidole, na miezi mingi kabla ya kufaa kupakwa vanishi. Basi ikiwa picha yatakiwa siku ya arobaini au ya kumbukumbu ya mwaka, usiende kwa mchoraji zikiwa zimebaki siku nne.

Ukishaipokea, itunze. Usiitundike pale jua la alasiri linapopiga moja kwa moja, wala karibu na moshi wa jiko, wala kwenye ukuta unaotoka maji wakati wa masika. Hadibodi hunyonya unyevu ikavimba pembeni, na kitambaa huota ukungu. Bandika vipande viwili vidogo vya mbao nyuma ya fremu, chini, ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Vumbi liondoe kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji ya sabuni.

Mwisho, kabla hujapiga msumari, igeuze picha. Andika nyuma yake, juu ya fremu, jina kamili la aliyechorwa, mahali alipozaliwa, jina la mchoraji na mwaka. Waliomjua marehemu hawatakuwapo daima kueleza. Siku moja mtoto ambaye bado hajazaliwa ataishusha picha hiyo wakati wa kuhama nyumba na kuuliza huyu ni nani. Hakikisha kwamba jibu linamngoja pale nyuma.