Tupeni akaunti ya kutazama tu

Wandugu, wiki mbili zilizopita wengi wenu mlifika kituoni mkarudi nyumbani bure. Mlango wazi, kompyuta zinawaka, ila masomo hayafunguki. Nimesikia watu wakisema eti ni intaneti ya Kakuma, si mnaijua. Hapana. Intaneti haikuhusika hata kidogo. Masomo yetu yamo ndani ya seva, pale pale chumbani, nyuma ya kiti cha Papa mlinzi.

Ile seva iko na kebo mbili za mtandao. Linux imezifunga pamoja zikawa kama kitu kimoja, kinaitwa bondi. Yetu imepangwa hivi: kebo moja inafanya kazi, ya pili inangoja. Ya kwanza ikikatika, ya pili inashika zamu bila mtu kugusa kitu. Walituelezea siku ya ufunguzi, tukapiga makofi. Sasa kama ziko mbili, mbona tulikaa siku tisa bila masomo, na watoto wa mtihani wamejaa mlangoni?

Fundi alipofika nilisimama nyuma yake, macho kwenye skrini. Aliandika mstari mmoja tu:

cat /proc/net/bonding/bond0

Zote mbili zilikuwa chini. Kebo ya kwanza ilikuwa imechomoka kidogo, nadhani ilivutwa na ufagio. Ya pili ilikuwa imekandamizwa na mguu wa kabati. Akapekua kumbukumbu za seva, akaniambia, "Dada, hii ya pili ilikufa zamani." Tukahesabu: ni tangu siku tuliyopanga chumba upya, miezi mitano nyuma! Yaani muda wote huo tulikuwa tunatembea na mguu mmoja na hakuna aliyejua, kwa sababu masomo yalifunguka vizuri tu.

Na hapa ndipo bondi inawapoteza watu. Ukisoma ile ripoti, mstari wa juu wa "MII Status" utakuambia "up" hata kama kebo iliyo hai ni moja. Ukiishia hapo utaenda kulala na amani. Lazima ushuke chini, kwa sababu kila kebo iko na sehemu yake na hali yake. Kuna pia "Link Failure Count", inahesabu kebo imeanguka mara ngapi, lakini hiyo inaanza upya seva ikiwashwa, na sisi tunaizima kila usiku kwa ajili ya sola. Kwa hiyo msiitegemee sana.

Fundi alibadilisha kebo moja, akarudisha nyingine, dakika ishirini, akanywa soda, akaenda. (Bado hatujapona kabisa. Kebo zote mbili zinaingia kwenye swichi moja, na swichi ikizimika bondi haina la kufanya. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Sasa sikieni. Ule mstari mmoja hauhitaji paswodi ya mkubwa. Mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva anaweza kuusoma, na hawezi kubadilisha kitu. Hapa kambini tuko sita tuliomaliza kozi ya Linux, vyeti tumebandika ukutani. Mwenye akaunti ni nani? Hakuna.

Niliuliza ofisini. Wakajibu: usalama. Tena nyinyi wakimbizi mnahama, leo uko hapa, kesho umeitwa resettlement. Nitasema ukweli, hofu yao ina msingi. Wote tunamkumbuka yule kijana aliyepewa paswodi ya waifai akaanza kuiuza nyuma ya choo. Na ni kweli watu wanaondoka, Mungu awasaidie. Lakini akaunti ya kutazama utamuuzia nani? Mtu akiondoka, inafutwa kwa dakika moja. Halafu mafundi nao wanahama, huyu ni wa tatu tangu kituo kifunguliwe.

Ninachokataa ni kufundishwa kazi halafu kuambiwa ngoja. Tunangoja posho, tunangoja karatasi, tunangoja kuitwa kwa mahojiano, na hayo mengine kweli yanaamuliwa mbali. Kebo chini ya mguu wa kabati haiamuliwi Geneva.

Nimeandika barua. Tunaomba akaunti mbili za kutazama tu na daftari moja litakalokaa mezani kwa Papa. Kila Jumatatu na Alhamisi mmoja wetu asome ile ripoti mpaka chini, aandike hali ya kila kebo, atie sahihi. Kebo moja ikifa tunapiga simu siku hiyo hiyo, wakati ya pili bado inabeba masomo.

Barua inapelekwa Jumamosi saa nne asubuhi. Wa kozi ya Linux, njooni na vyeti vyenu. Wazazi wenye watoto wa mtihani, nyinyi ndio nataka mtie sahihi kwanza.